Kabla ya kumlaumu keateka, pima volti

Leo nazungumzia vile vidude vidogo vya Wi-Fi ambavyo siku hizi vimejaa kila mahali: ndani ya taa zinazowashwa kwa simu, ndani ya soketi za ukutani, ndani ya mashine za kuangulia vifaranga na za kupimia maji. Ukinunua chochote kinachodai kuongea na simu yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukikifungua utakikuta kidude hicho kimelala humo ndani.

Sisi waandika programu tuna tabia moja. Kifaa kikikataa kufanya kazi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye msimbo. Tunabadilisha mistari miwili mitatu, tunapakia upya, tunangoja. Kwa programu za tarakilishi tabia hiyo haina ubaya sana, maana tarakilishi ina umeme wake wa uhakika na hakuna anayeufikiria. Kwa vidude hivi ni kupoteza siku nzima. Nitawaeleza kwa nini, na nitatumia kazi moja niliyoitiwa mwaka 2021 kwenye ploti moja ya Eastlands, Nairobi. Lakini kwanza tukijue kidude chenyewe.

Kidude chenyewe

Mnamo Agosti 2014 wapenzi wa elektroniki kule Ulaya na Marekani walianza kuulizana juu ya moduli moja kutoka China iliyokuwa ikiuzwa kwa kama dola tano hivi. Ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, ina pini nane tu, na juu yake chipu iitwayo ESP8266, iliyobuniwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kabla ya hapo, kadi ya kuipa bodi ya Arduino uwezo wa Wi-Fi iligharimu makumi ya dola, mara nyingi zaidi ya bodi yenyewe. Maelezo ya mwanzo ya chipu hiyo yalikuwa kwa Kichina, na watu wakajitolea kuyatafsiri ukurasa kwa ukurasa.

Kilichonifurahisha mimi ni lugha yake. Uliongea nayo kwa amri za AT. Waliowahi kutumia modemu za simu wanazikumbuka: unaandika AT, inakujibu OK, halafu ndipo mnaanza mazungumzo. Amri hizo zilianza na modemu ya Hayes mwaka 1981, zikaendelea kutumika hata ndani ya zile modemu za USB za 3G tulizozichomeka kwenye vipakatalishi vyetu hapa Kenya. Yaani mambo ya miaka thelathini na zaidi yalikuwa bado yanafanya kazi ndani ya kidude kipya kabisa!

Baadaye ikajulikana kwamba humo ndani mna prosesa ya biti 32 inayokwenda kwa megahezi 80, na unaweza kuiandikia programu yako bila kuhitaji bodi nyingine. Mwaka 2015 ikawezekana kufanya hivyo kwa zana zile zile za Arduino. Mwaka 2016 akaja mdogo wake, ESP32, mwenye prosesa mbili na Bluetooth. Basi hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa kila mtu.

Kazi ya maji

Sasa turudi Eastlands. Ploti ina orofa tano na nyumba ishirini na nne. Kama mitaa mingi ya Nairobi, maji huja kwa zamu, siku chache kwa wiki. Yakija yanajaza tangi kubwa la chini, pampu inayasukuma hadi tangi la juu ya paa, na kutoka huko yanashuka yenyewe hadi kwenye mifereji ya wapangaji. Zamani keateka alikuwa akiwasha pampu kwa mkono, kisha anasikiliza mpaka maji yamwagike kwenye paa ndipo anakimbia kuzima.

Fundi mmoja akawekea ploti hiyo vifaa viwili. Cha juu kinapima kina cha maji kwenye tangi la paa kwa mwangwi wa sauti. Cha chini kinawasha na kuzima pampu. Vyote viwili vina ESP8266, na vinaongea kupitia ruta iliyo nyumbani kwa mwenye ploti, orofa ya nne. Kwa miezi miwili mambo yalikwenda sawa. Kisha kifaa cha juu kikaanza kunyamaza jioni. Asubuhi unakikuta kizima kabisa, kinatuma vipimo kama kawaida.

Ubaya ni kwamba kifaa cha chini kilipokosa habari kiliendelea kushika amri ya mwisho kilichoisikia. Ikiwa amri hiyo ilikuwa ni kuzima, tangi la paa linakauka saa ile ile ambayo watu wanapika na kuogesha watoto. Ikiwa ni kuwasha, pampu inaendelea kuzunguka hata maji ya tangi la chini yakiisha. Pampu ya namna ile hupozwa na maji yanayopita ndani yake. Ikizunguka kavu inapata moto, sili zinaharibika, na mwisho inaungua. Moja ilikuwa imeshaungua.

Mama mwenye ploti alikuwa ameshapata jibu. Chaja inayolisha kifaa cha juu ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo anao mzee keateka peke yake. "Huyu mzee anachomoa ile chaja jioni achaji simu yake," akaniambia. "Pampu ya kwanza nimenunua mimi. Hii ikiungua, nakata kwa mshahara wake." Pampu mpya ilikuwa na bei inayokaribia mishahara miwili ya mzee yule.

Nilipomuuliza mzee mwenyewe alitikisa kichwa. "Kijana, hako kasanduku mimi hata kukagusa naogopa."

Kwa hiyo kazi ilikuwa na sehemu mbili. Kutengeneza, na kujua ukweli. Maana waya ukichomolewa na umeme ukilegea, kwa mtu anayetazama kwenye simu vyote vinaonekana sawa: kimya.

Kukiuliza kidude chenyewe

Kila ESP8266 inapoamka huandika mistari michache kwenye laini yake ya siriali kabla programu yako haijaanza. Wengi hawaioni, au wanaona takataka za herufi na kudhani chipu imekufa. Sababu ni kasi. Mistari hiyo hutoka kwa kasi isiyo ya kawaida, biti 74,880 kwa sekunde. Chipu ilitarajia fuwele ya saa ya megahezi 40 ili iandike kwa kasi ya kawaida ya 115,200, lakini moduli nyingi zimewekewa fuwele ya megahezi 26. Zidisha 115,200 kwa 26 kisha gawanya kwa 40, utapata 74,880 kamili. Weka programu yako ya siriali kwenye kasi hiyo na ghafla takataka zinageuka maneno.

Katika maneno hayo tafuta palipoandikwa rst cause, yaani sababu ya kuamka. Namba 1 maana yake umeme umewashwa. Namba 2, pini ya kuanzisha upya imeguswa. Namba 4 ni ile ya kipima muda mlinzi. Huyu mlinzi ni kama askari wa usiku anayetakiwa kubonyeza kitufe kila baada ya muda fulani. Asipobonyeza, ofisini wanajua kuna jambo na wanatuma gari. Programu ikikwama na kuacha kubonyeza, mlinzi anaiwasha chipu upya.

Lakini nani atakaa juu ya paa na kipakatalishi kila jioni? Nikatafuta njia nyingine. Chipu hii ina kumbukumbu ndogo ya baiti 512 iliyo upande wa saa yake ya ndani. Sifa yake ni hii: ukiianzisha chipu upya, kilichoandikwa humo kinabaki. Ukiondoa umeme, kinapotea. Nikaongeza mistari michache kwenye programu ya kifaa cha juu. Kila kinapoamka, kisome namba iliyo kwenye kumbukumbu hiyo, kiiongeze moja, kisha kinitumie namba hiyo pamoja na sababu ya kuamka. Ikiwa kumbukumbu ni tupu, kianze na 1.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikutumia flashi, ambayo haisahau kabisa. Kwanza, sikutaka kitu kisichosahau, nilitaka kitu kinachosahau pale tu umeme unapoondolewa. Pili, flashi huchakaa. Nyingi huhimili kufutwa kati ya mara 10,000 na 100,000. Ukiiandika kila dakika unaifuta mara 1,440 kwa siku, na kwa flashi dhaifu wiki moja inatosha kuimaliza.

Kabla ya kuondoka nikawaita mama na mzee pamoja. Nikachomoa chaja mbele yao, nikairudisha: namba ikaanza upya na 1. Nikabonyeza kitufe cha kuanzisha upya: ikawa 2. Nikabonyeza tena: 3. Nikachomoa: 1. Wakaelewa wote wawili bila maelezo marefu.

Jioni hiyo, kati ya saa moja na saa nne usiku, kifaa kiliamka mara thelathini na moja. Namba ilipanda kutoka 1 hadi 32 bila kurudi nyuma hata mara moja, na sababu karibu zote zilikuwa namba 4. Kesho yake hivyo hivyo. Nikampelekea mama karatasi yenye saa na namba. Aliitazama kwa muda. "Kwa hivyo hakuchomoa?"

"Hakuchomoa. Angechomoa hata mara moja tungeona 1."

Habari ya kukata mshahara ikaishia hapo. Sasa ilibaki kujua nani anamkwamisha kidude.

Kufuata umeme

Redio haili umeme kwa utaratibu kama balbu. ESP8266 ikiwa macho inasikiliza tu, inatumia miliampea kama 60 au 70. Ikituma, karatasi ya maelezo yake inataja takriban miliampea 170 kwa mtindo wa zamani wa 802.11b, na kwa vipindi vifupi sana, hasa inapoamka na kuipima redio yake, mkondo unaweza kupita 300. Vipindi hivyo ni vifupi kiasi kwamba mita ya kawaida ya fundi haivioni. Inakupa wastani, unasoma 3.3, unasema umeme uko sawa. Nilitumia osiloskopu ndogo ya mkononi, na hapo ndipo nikaona volti zikizama kama mtu anayeteleza kwenye ngazi.

Njia ya umeme ilikuwa hivi. Chaja ya simu ya volti 5 iko stoo, chini. Kutoka hapo kebo ya mtandao ya mita kama 20 inapanda hadi paa, na nyaya zake mbili ndizo zinazobeba umeme. Juu kuna kidhibiti cha aina ya AMS1117 kinachoshusha volti 5 kuwa 3.3.

Tupige hesabu pamoja. Waya wa shaba wa kebo hiyo una ukinzani wa takriban omu 0.084 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40, yaani karibu omu 3.4. Mkondo wa miliampea 80 ukipita, volti 0.27 zinapotea njiani. Hakuna shida. Mkondo wa miliampea 300 ukipita, inapotea volti moja nzima. Kati ya 5 zinafika 4. Kidhibiti nacho kinahitaji kupewa karibu volti 1.1 zaidi ya zile kinazotoa, kwa hiyo badala ya 3.3 kinatoa 2.9. Chipu inaruhusiwa kuishi kati ya volti 2.5 na 3.6. Inanusurika.

Hiyo ni mchana. Jioni nilipopima soketi ya stoo, stima ilikuwa imeshuka kutoka volti 238 hadi 196, maana kila nyumba imewasha kile kichemshio cha maji cha bafuni, na mwingine anapiga pasi. Chaja nzuri haitakiwi kujali. Imeandikwa kwamba inakubali volti 100 hadi 240. Hii ilijali: ikatoa 4.6 badala ya 5. Rudia hesabu ukianza na 4.6. Toa 1 ya njiani, toa 1.1 ya kidhibiti, unabaki na 2.5 au pungufu kidogo. Hapo flashi inasomwa vibaya, programu inakwama, mlinzi anaiwasha upya, chipu inaamka na kuipima redio, mkondo unapanda tena, volti zinazama tena. Mara thelathini na moja.

Kuna jambo la pili lililochangia. Jioni watu wote wako nyumbani na hewa imejaa. Chipu hii inatumia gigahezi 2.4 pekee, na kwenye masafa hayo ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo hazikanyagani. Simu yangu ilihesabu mitandao zaidi ya arobaini pale paani. Pakiti zikigongana hutumwa tena, na mara nyingi kwa kasi ndogo zaidi. Pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi ya megabiti 54 inakaa hewani kwa takriban robo ya milisekunde. Kwa megabiti 1 inakaa milisekunde 12. Muda wote huo redio inakula umeme. Kwa hiyo saa ile ile umeme ulipopungua, ndipo redio ilipohitaji zaidi.

Dawa ilikuwa rahisi. Tuliondoa chaja, tukaweka usambazaji wa volti 12 chini, na juu tukaweka kigeuzi cha kushusha volti karibu na moduli. Chipu ikitaka miliampea 300 kwa volti 3.3, hiyo ni wati moja tu. Kwa volti 12 wati moja inahitaji mkondo wa kama miliampea 100 hata ukihesabu zinazopotea kwenye kigeuzi, na kwenye kebo ile ile inapotea theluthi moja tu ya volti kati ya 12. Haisikiki kabisa.

Pia nikaweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikiwa imeshikana na pini za moduli, na ndogo ya nanofaradi 100 pembeni yake. Kapasita ni tangi la juu ya paa. Bomba la mtaa linatoa maji kidogo kidogo, lakini wapangaji wote wakifungua mifereji kwa pamoja tangi linawatosha kwa muda. Ndiyo maana lazima liwe karibu na mwenye kiu. Kapasita ukiiweka kule stoo haimsaidii aliye mwisho wa kebo.

Baada ya hapo namba ilisimama kwenye 1 kwa wiki tatu. Ilirudi kuanza pale tu stima ya mtaa mzima ilipokatika.

Mtandao utakatika tu

Kukatika huko kwa stima kulionyesha jambo jingine, na sasa ndipo nilipofungua msimbo. Stima ikirudi, ESP8266 iko tayari chini ya sekunde moja. Ruta inahitaji dakika moja au mbili. Programu iliyokuwepo ilijaribu kujiunga mara ishirini kisha ikakata tamaa milele. Simlaumu aliyeiandika. Juu ya meza yake ruta ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, na kila kitu kilikubali mara ya kwanza.

Nilifanya mabadiliko manne, nami nawashauri muyafanye kwenye kila kifaa chenye mota, moto au maji upande wa pili.

Kwanza, kifaa kisikate tamaa. Kijaribu, kingoje sekunde 1, kijaribu, kingoje 2, kisha 4, hadi kifike 60, na hapo kiendelee kujaribu kila dakika bila mwisho. Ongeza sekunde chache za kubahatisha kwa kila kifaa, ili stima ikirudi visiivamie ruta vyote kwa wakati mmoja.

Pili, amri ya kuwasha iwe na umri. Kifaa cha chini sasa kinazima pampu ikiwa hakijasikia neno jipya kwa sekunde 90. Kimya hakina maana ya "endelea".

Tatu, vifaa viwili vilivyo kwenye jengo moja viongee moja kwa moja. Awali vipimo vilikuwa vikisafiri hadi kwenye seva ng'ambo na kurudi, ili tu kuwasha pampu iliyo orofa tano chini. Intaneti ya mwenye ploti ikiisha, maji yanaisha. Sasa ruta inatosha, na seva inabaki ya kumwonyesha mama michoro kwenye simu.

Nne, na hili si programu kabisa: tuliweka boya lenye swichi ndani ya tangi la chini, likafungwa kwenye waya wa kuwashia pampu. Maji yakiisha boya linashuka na kukata waya. Hakuna msimbo wangu wala wa mtu mwingine unaoweza kulibishia.

Utaratibu wangu

Kwa wale mnaochezea vidude hivi nyumbani, huu ndio utaratibu ninaoufuata, kutoka chini kwenda juu.

Anza na umeme. Usiilishe moduli kutoka kwenye pini ya 3.3 ya adapta ya USB. Ile yenye chipu ya FT232R, kwa mfano, inaruhusu miliampea 50 tu kwenye pini hiyo. Itaamka, itakujibu OK, kisha itakufa pale utakapoiambia ijiunge na Wi-Fi. Tatizo hilo hufanana kabisa na neno la siri lisilo sahihi.

Kisha pini. Wakati wa kuamka, pini ya EN, iliyoandikwa CH_PD kwenye moduli nyingine, iwe juu. GPIO0 na GPIO2 ziwe juu, na GPIO15 iwe chini. Ukitaka kupakia programu, GPIO0 iwe chini. Ukifunga rilei au kihisi kwenye pini mojawapo ya hizo, kifaa kinaweza kukataa kuamka na ukadhani kimeungua.

Kisha volti za mazungumzo. Chipu inaongea kwa volti 3.3. Arduino ya volti 5 ikiongea nayo, weka resista mbili za kugawa volti katikati.

Kisha redio. Hakikisha ruta inatoa gigahezi 2.4, maana ikitangaza 5 peke yake chipu haitaiona hata ukiibusu. Soma nguvu ya mawimbi palepale kifaa kitakapokaa. Kwangu mimi kitu chenye -70 dBm au zaidi ni kizuri, -80 kinanitia wasiwasi, na -90 ni kutafuta ugomvi. Usiweke antena ndani ya sanduku la chuma wala nyuma ya tangi lililojaa, kwa sababu maji na zege hunyonya mawimbi hayo.

Kisha mtandao: je, kifaa kimepata anwani ya IP, na seva inafikika? Baada ya hayo yote, fungua msimbo.

Na kwenye msimbo huo, hata kama hakuna hitilafu, weka mistari ile michache: sababu ya kuamka, na namba inayohesabu. Haigharimu chochote. Vidude hivi tunaviweka stoo, paani, getini, kwenye vibanda vya kuku, na kila mahali hapo kuna mtu wa mshahara mdogo aliyeachiwa ufunguo. Kifaa kikinyamaza bila kueleza, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza, na hana kumbukumbu wala michoro ya kujitetea. Kifaa tunaweza kukifundisha kusema kilichokipata.

Aliye na ESP8266 inayomsumbua aniandikie, lakini aanze kwa kuniambia inakula umeme kutoka wapi. Kazi njema.